Bunduki ya Boga

Mume wangu Boga hajawahi kushika bunduki hata siku moja, lakini ukimsikiliza akizungumza utadhani alizaliwa kambini. Atakwambia G3 ni bunduki ya mtu mwenye bega. AK ni ya mtu mvivu wa kusafisha, maana hata ukiizika matopeni ukaifukua inafanya kazi. Zile fupi wanazobeba walinzi wa benki, kwa maoni yake, ni za kutishia wateja tu. Haya yote aliyapata kwenye simu, na katika ule mwaka mmoja aliolinda geti la hoteli huko Diani, ambako silaha yake ilikuwa rungu na tochi. Nilimkumbusha hivyo mara moja mbele ya wenzake. Alininunia mpaka keshoye.

Lakini bunduki kwake ni kitoweo tu, chakula chenyewe ni magari. Boga humpima mtu kwa gari analolipenda. Probox ni ya watu wenye haraka wasio na pa kwenda. Subaru ni ya vijana wa Ukunda wanaotaka kusikika kabla ya kuonekana. Noah ni sebule yenye magurudumu. Landkruza ni gari zuri, hilo hakatai, ila ni gari la mtu anayenunuliwa mafuta na wengine. Na Toyota kwa jumla, husema, humbeba mtu bila kumfundisha kitu. "Landrova hukufundisha," humalizia, na hapo wenzake humwuliza yeye amefundishwa nini, maana wao humwona amelala chini yake tu.

Landrova yenyewe ni ya zamani, ya petroli, ndefu ya nyuma. Aliinunua kwa mzee mmoja wa Taru aliyekuwa akibebea mbuzi, na mpaka leo mvua ikinyesha hunuka mbuzi. Hubeba mahindi ya watu, nazi, mitungi ya maji, na mara moja moja bibi harusi ambaye jamaa zake hawakupata gari jingine. Asubuhi haiwaki mpaka isukumwe. Mimi kuendesha gari nilijifunza kwa kusukumwa: niko usukanini, yeye na majirani wako nyuma, naye ananipigia kelele niachie klachi. Siku hizi naendesha vizuri kuliko anavyopenda kukubali.

Kwetu ni Lukore, upande wa bara wa Msambweni, mahali mashamba yanapopakana na uzio wa hifadhi. Wadigo tupo, Wakamba wapo, ambao wazazi wao walikuja kupewa mashamba huku. Tunauziana, tunazikana, na adui yetu ni mmoja, ndovu. Uzio una umeme, lakini ndovu hujifunza. Huusukumia mti nyaya zikalala, kisha hupita taratibu kama mtu aingiaye kwake. Askari wa wanyamapori wakiitwa huja na kupiga hewani, na juu ya hilo pia Boga alikuwa na maoni yake. Alisema ndovu amekwisha kujua kwamba risasi ya hewani haimpati, kwa hivyo humaliza tonge lake kwanza ndipo aondoke.

Msimu huu, mahindi yalipoanza kubeba, Boga alianza tabia mpya. Baada ya swala ya Alasiri aliliwasha gari na kwenda peke yake kwenye njia ya uzioni. Nikimwuliza aendako, hujibu kwamba anakwenda kulijaribu. Baada ya muda husikika huko vichakani: pa! Kisha kimya. Kisha pa! pa! Akirudi huja polepole sana, gari linatambaa kama lililobeba mgonjwa, na yeye uso umemkunjamana. Nikimwuliza ile milio ni ya nini, hunijibu kwa mkato kwamba ni askari hao.

Lakini askari wakija hupita mbele ya nyumba yangu, hakuna njia nyingine. Nami sikuwa nimewaona.

Ndovu wakaacha kuja. Jirani yetu Kalondu, mjane wa Kikamba, shamba lake ndilo la mwisho kabisa kabla ya uzio, na msimu uliopita lililiwa lote asipate hata gunzi la kuchoma. Mara hii mahindi yake yalisimama mazima, yamefunga vizuri. Watu wakaanza kujumlisha. Boga anakwenda uzioni jioni, milio inasikika, ndovu hawaji. Boga anazijua bunduki zote kwa majina. Basi Boga ana bunduki. Pale nje ninapokaangia mahamri wakaanza kumwita Kamanda, na kumpisha kwenye benchi. Kuna aliyemwuliza waziwazi. Boga hakukubali wala hakukataa. Alisema tu kwamba ndovu ni mnyama wa kuelewana naye, kisha akageuza mazungumzo yakawa ya giaboksi.

Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Namjua mume wangu: kitu asicho nacho hukisema kwa sauti, na kitu alicho nacho hukificha. Akiwa hayupo nilitafuta. Nilitazama chini ya kitanda, ndani ya gunia la mbegu, juu ya dari, nyuma ya viti vya Landrova. Sikupata kitu, na kule kutopata kukanizidishia wasiwasi. Kesi ya bunduki si kesi ya kuku. Mtu akikutwa na silaha isiyo na kibali hupelekwa korti ya Kwale, na huenda arudi kwake watoto wameshaota ndevu. Binti yetu Subira bado yuko shule ya msingi. Usingizi ulinipaa. Kila gari lililopita alfajiri nililisikiliza mpaka lipotee.

Nikamkabili. "Baba Subira, una bunduki?"

"Mwanaima, wewe unaniona mimi mtu wa bunduki?"

"Ndiyo."

Badala ya kuudhika alionekana amefurahi. Nilitamani kumrushia mwiko.

Kisha akaenda Mombasa, akarudi na vipuri vimefungwa kwenye gazeti, na sailensa mpya kabisa ameikumbatia. Alishinda chini ya boneti kutwa nzima. Kuanzia siku ile gari likawa linawaka bila kusukumwa, na uzioni hakusikika mlio tena. Boga akawa mtu mwingine. Alikula akaongeza, akaimba akioga. Mimi nikaamua moyoni kwamba bunduki ameirudisha kwa mwenyewe, nikamshukuru Mungu na nikapata usingizi.

Usingizi ule haukudumu. Chifu aliitisha baraza kuhusu ndovu, na watu wa vijiji vyote walihudhuria, pamoja na polisi waliokuja kusikiliza. Wengi walilia hasara. Kisha Kalondu akasimama, amevaa nguo yake ya kanisani, akamtafuta Boga kwa macho mpaka akamwona.

"Chifu, mimi sina mengi," akasema. "Nataka tu kushukuru Boga mbele ya watu. Hii mwaka nitakula mahindi yangu sababu ya bunduki yake. Na naomba serikali impatie risasi, kwa maana siku hizi hatumsikii akipiga. Pengine zimemwishia."

Watu wakapiga makofi. Chifu hakupiga. Nilimwangalia Boga, nikamwona ameinuka nusu, mdomo wazi, na nikamwombea Mungu aseme neno, lolote lile. Akaketi tena. Wale polisi walikuwa wanamtazama.

Asubuhi yake walikuja. Kiongozi wao alikuwa Sajini Rai, mtu wa huku huku Kwale, mwenye maneno mapole, ambaye alipiga hodi, akanisalimu vizuri na kuniomba radhi kabla ya kuamuru godoro langu ligeuzwe. Walipekua kila kitu. Mbegu zangu zilimwagwa uani, kuku wakafanya sherehe. Majirani wakajaa nje, Kalondu mbele yao, mikono kichwani, akirudiarudia kwamba yeye alikuwa anashukuru tu.

"Bwana Boga," Sajini akasema, "hatukuiona. Tuambie uliificha wapi, mambo yawe mepesi."

"Sina bunduki, afande."

"Na huko uzioni ulikuwa ukipiga nini?"

Boga akatazama miguu yake.

"Ilikuwa G3?" Sajini akauliza.

Swali kama hilo mume wangu hawezi kuliacha likae chini. "G3 haiwezekani, afande. G3 mlio wake ni mzito, unausikia kifuani. Huu ulikuwa mkavu, umekatika. Kwa mlio kama ule mtu angesema labda..."

Nilimkanyaga mguu, lakini alikuwa ameshafika mbali. Sajini alitikisa kichwa kwa huruma na kutoa pingu. Boga akaongozwa hadi nyuma ya Landkruza ya polisi, na Mungu ni shahidi yangu, kabla hajapanda aliinama akachungulia uvunguni, akamwambia dereva kwamba springi ya nyuma kushoto imevunjika jani moja.

Nilimfuata hadi dirishani. Nilikuwa nalia na nina hasira, vyote pamoja. "Niambie sasa hivi," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Iko wapi? Niambie nijue nitakula kiapo gani kortini."

Akanisogelea kwenye nyavu za dirisha. "Hakuna bunduki, Mwanaima. Ni gari."

"Gari gani?"

"Gari letu. Lilikuwa linapiga ekzosti. Petroli haikuwa ikiungua yote kwenye injini, ikawa inakwenda kuwakia nyuma, hasa likiteremka. Ndiyo nikawa nalipeleka mbali na watu mpaka nijue tatizo."

Sikuelewa kwanza. Nilielewa maneno, lakini sikumwelewa yeye. "Na walipokuita Kamanda?"

"Ningewaambiaje? Mimi, Boga, gari langu linapasuka njiani kama trekta la kuokota? Wangenicheka mpaka nife."

"Na mimi? Mimi niliyetafuta mpaka juu ya dari?"

Wiki hizo zote nimelala jicho moja wazi, mwenzangu ananiona, na kumbe alikuwa akilinda jina la Landrova! Ningekuwa na ufunguo wa zile pingu, ningemwongezea nyingine.

Lakini alikuwa mume wangu, na Kwale walikuwa wanampeleka kwa kosa asilolifanya. Nikamwendea Sajini Rai, nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mama Subira, hadithi ni nzuri," akasema. "Basi liwasheni nilisikie."

Nikachukua ufunguo, nikaliwasha mwenyewe. Liliitika mara moja. Nikakanyaga mafuta, nikaachia, nikakanyaga tena. Likanguruma laini kama cherehani ya fundi hodari. Nikalipeleka hadi kwenye mwembe na kulirudisha. Hakuna kitu, hata kikohozi. Majirani wakatazamana. Nikageuka kumtazama Boga kule nyuma ya Landkruza, na huyo mtu, pingu mikononi, alikuwa anatabasamu. Aliyasikiliza matengenezo yake na kuyaonea fahari.

"Naona gari ni zima," Sajini akasema.

"Zima kabisa, afande," Boga akadakia kutoka ndani. "Distributa mpya ya kugawa cheche, nimeiweka mwenyewe. Hilo halitapiga tena."

Sajini akafanya ishara kwa dereva wake.

Nikakumbuka jambo moja. Zamani wakati Boga akinifundisha kuendesha, kosa moja lilimkasirisha kuliko yote. Tulikuwa tunateremka, mimi kwa woga nikazima swichi hali gari liko kwenye gia, na mguu bado uko kwenye mafuta, kisha nikafungua tena. Alipiga kelele kana kwamba nimemtupa mtoto kisimani. Alinieleza kwamba injini inaendelea kuvuta petroli bila kuiunguza, petroli inajaa nyuma, na cheche ikirudi yote huripuka kwa mpigo na kuipasua sailensa. Siku ile halikuripuka, kwa bahati.

Nikamwita Sajini. "Ningoje hapa, chini ya mteremko unaotoka madrasa."

Boga alikuwa amenisoma. Tabasamu likamfutika. "Mwanaima, usifanye hivyo. Sailensa ni mpya."

"Na wewe ni mzee," nikamwambia. "Jela utaiweza?"

"Mwanaima!"

Nikapanda. Nilipanda kilima hadi juu, nikageuza mbele ya mlango wa madrasa, watoto wamejazana madirishani. Nikaweka gia ya pili, nikaliachia literemke, na lilipokolea mwendo nikazima swichi. Ukimya ule ulinitisha kuliko kelele, nikasikia magurudumu tu na chupa ikibiringika chini ya kiti. Nikakanyaga mafuta hadi chini, nikayapampu, nikasema bismillahi. Nikafungua.

Pa!

Mlio ule sikuwa nimepata kuusikia kwa karibu. Gari zima liliruka, moshi ukanijia hadi mbele, na kengele zikabaki masikioni mwangu. Niliposimamisha na kugeuka, Sajini Rai alikuwa kifudifudi kwenye mihogo yangu, kofia imekwenda zake. Askari mmoja alikuwa nyuma ya tangi la maji, na mwingine sikumwona hadi baadaye. Watoto wa madrasa walikuwa wanashangilia. Na Kalondu alikuwa amesimama wima katikati ya njia, akilinyooshea gari kidole.

"Ni hiyo!" akapiga kelele. "Hiyo ndiyo bunduki! Ndiyo ile yenyewe!"

Sajini akasimama, akajipangusa udongo, akatafuta kofia yake bila kumtazama mtu. Alikuwa muungwana, aliucheka mwanguko wake kabla hatujaucheka sisi. Akauandika ushahidi wa Kalondu na wangu, akaagiza Boga ateremshwe, akamfungua pingu mwenyewe.

"Bwana Boga, nikuulize. Ulikuwa tayari kwenda jela kwa sababu ya gari bovu?"

Nilimwona mume wangu akinyooka. Watu wote walikuwepo, wale wa benchi, wale wa Kamanda, wakubwa kwa wadogo. Hilo ndilo lililomshinda barazani kwa chifu, na sasa alilisema kwa sauti ambayo hata watoto kule madirishani waliisikia.

"Gari si bovu, afande. Gari halina kosa lolote. Mimi ndiye niliyekosea. Cheche niliichelewesha, ile distributa ya kwanza nikaiweka vibaya, na nikaona haya kusema. Mimi ndiye niliyekosea."

Watu hawakucheka kama alivyokuwa anahofia. Wengine walimshika mkono. Mimi nilisimama pale na ufunguo kiganjani, na wivu ukanipanda, sioni sababu ya kuuficha. Tangu tuoane sijamsikia Boga akitamka neno lile. Sikulisikia aliponiacha na homa akaenda Taru kutazama giaboksi. Wala hakulitamka siku zote hizi nilizolala na hofu ubavuni pake. Kumbe analijua, anaweza kulisema kwa ufasaha, mara mbili kwa mfululizo, na aliposema alilisema kwa ajili ya Landrova.

Polisi walipoondoka Boga alikwenda nyuma ya gari, akapiga magoti. Sailensa ilikuwa imepasuka kutoka mwanzo hadi mwisho. Kalondu akainama kando yake, akaitazama, akamwomba asiitengeneze mpaka avune, kwa maana kwa ngurumo hiyo hata ndovu wa Tanzania watasikia. Boga aliinuka. Alikuja kwangu, akanyoosha mkono.

"Nipe ufunguo."

Nilikuwa nimeshaufunga kwenye pindo la leso. "Sajini ulimwambiaje pale mwisho?"

"Nilimwambia mengi."

"Lile la mwisho. Niambie na mimi."

Akatazama huku na huku. "Mbele ya watu hawa?"

"Watu hawa wameshalisikia. Mimi naweza kungoja mpaka jikoni, tukiwa wawili."

Amekataa, au tuseme hajaweza. Kwa hivyo Alasiri gari naliendesha mimi, Kalondu yuko kando yangu, tunapita njia ya uzioni na sailensa ile iliyopasuka, na mahindi yake yamekauka vizuri, karibu atavuna. Boga akitaka kwenda Msambweni hupanda bodaboda, na huko nyuma ya bodaboda, nimesikia, hamwambii dereva maoni yoyote. Jana usiku tulipokuwa tunakula alianza. Alisema, "Mwanaima, mimi..." akafika katikati ya neno, akakohoa. Nilimpa maji ya kunywa. Ufunguo sikumpa.